Mume anataka twende Tukuyu kwa gari letu na watoto watatu, mimi usingizi umenitoka

Shikamoo Mama,

Safu yako naisoma kila inapotoka, leo imefika zamu yangu. Naomba jina langu usilitoe, Tanga ni mji mdogo na mume wangu anafahamika.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka sita, yupo darasa la kwanza. Wa pili wa kiume, miaka mitatu. Wa mwisho ana miezi tisa na bado ananyonya. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kazi ndiyo iliyomleta huku. Mimi ni mtu wa hapahapa, kwetu Muheza.

Mwaka jana alinunua gari, IST iliyotumika. Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: likizo ya mwezi wa sita twende kwao kwa gari letu. Baba mkwe ni mtu mzima, miguu inamsumbua, hawezi tena safari. Na huyu wa mwisho ndiye aliyepewa jina lake, lakini hajamwona zaidi ya picha za kwenye simu. Hilo nalielewa. Wakwe zangu hawajawahi kunitendea ubaya.

Ninachogombana naye ni namna ya kwenda. Anasema tutaondoka saa tisa usiku watoto wakiwa wamelala, na jioni tutakula ndizi kwa mama yake. Nikimwambia ni mbali, anasema mabasi yanatoka Dar alfajiri na Mbeya yanaingia siku hiyohiyo, sembuse gari dogo. Siku moja alinijibu mbele ya mdogo wake, "Wewe mbali yako ni Korogwe." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mama, huyu binti yangu anatapika garini. Tukienda kwetu Muheza, Pongwe tu ameshaanza kushika tumbo, na tukifika nguo imeshabadilishwa. Wa pili hakai sehemu moja hata dakika kumi. Mdogo akishikwa na joto analia mpaka anakauka sauti. Juu ya hao, shemeji yangu naye kasema atapanda na sisi, "asaidie kupakata watoto". Na buti litajaa nazi, machungwa na samaki wakavu, maana mume wangu hawezi kufika kwao mikono mitupu.

Kila niliyemuuliza ana lake. Mama yangu anasema nimwachie mdogo. Jirani kanishauri niwape watoto dawa ya mafua ya maji, eti watalala njia nzima. Dada yangu anasema nisubiri siku moja kabla, niseme mtoto ana homa. Nakiri hilo la mwisho nimelifikiria sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba naona safari hii si ya watoto wala ya babu yao. Ni ya gari. Anataka kijiji kimwone anaingia nalo. Leseni mimi ninayo, watoto huwa nawapeleka shule mwenyewe, lakini barabara kuu usukani hanipi.

Nikikataa nitaonekana nawanyima wakwe wajukuu wao. Nikikubali sijui kama nitafumba jicho mpaka siku hiyo. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Tanga


Marahaba mwanangu.

Kama nimekuelewa vizuri, kwenda Tukuyu hukukatai. Unataka babu amwone wajina wake. Unachokataa ni kwenda kwa siku moja, usiku, gari likiwa limeshonwa watu na mizigo, na zaidi ya hapo unakataa kuchekwa unapolisema. Haya ni mambo mawili, na nadhani yamechanganyika nyumbani kwenu kiasi kwamba ukigusa moja, la pili linajibu.

Kabla sijafika huko, kuna jambo nimelihesabu kwenye barua yako ambalo mwenyewe umelipita. Wewe, baba watoto, shemeji, watoto watatu. Mko sita. IST ina nafasi ya watu watano na mikanda mitano. Kwa hiyo hata kabla hatujaongelea usiku wala umbali, kuna mtu mmoja hana mkanda, na mkanda huo utanyang'anywa mtoto kwa sababu mtoto "anapakatwa".

Najua sote tumekua tukipakatwa. Lakini gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likasimama ghafla kwa kugonga, hakuna mkono wa mama, wala wa shemeji, unaoweza kumzuia mtoto wa kilo nane au tisa asiruke. Hata kumfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja ni hatari, kwa sababu uzito wako ndio utakaombana. Shirika la Afya Duniani linasema viti maalumu vya watoto vikitumika vizuri hupunguza vifo vya watoto wadogo kwenye ajali kwa zaidi ya nusu. Wa miezi tisa anahitaji kile anachokaa akiangalia nyuma ya gari, na kisifungwe kamwe kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Wa miaka mitatu awe na kiti chake chenye mikanda. Wa miaka sita anahitaji cha kumnyanyua, ili mkanda wa gari umpite begani badala ya shingoni. Mkinunua vya mtumba, kagueni kama plastiki ina ufa na kama mikanda inajifunga kwa mlio na kushika.

Nenda kavijaribu kwenye gari kabla hujatoa hela. Kiti cha nyuma cha gari lenu si kipana. Mkipanga viti vya watoto kwa taabu vikaenea, nyuma pameisha, na wewe unakaa mbele. Shemeji hana pa kukaa. Simwonei, naye ana haki ya kwenda kwao. Lakini akitangulia kwa basi, anaweza kwenda na nazi na machungwa vilevile, na gari lenu likapata nafuu ya uzito. Utaona hoja hii haina ugomvi ndani yake, maana haisemi mume anaendesha vibaya wala mke ni mwoga. Hapo ndipo ningeanzia mazungumzo kama ningekuwa wewe.

Sasa umbali. Kutoka Tanga mpaka Segera ni zaidi ya kilomita 70. Segera mpaka Chalinze kama 175, kisha Morogoro 85. Morogoro kwenda Iringa ni 300 na kidogo, Iringa mpaka Uyole zaidi ya 300, halafu mnakata kushoto kupanda Tukuyu kama 60. Jumla ni kilomita 1,000 na ushee. Mume wako akiona 1,000 anazigawa kwa 80 au 100, jibu linamfurahisha. Lakini kila kijiji kina kibao cha 50, na matuta, na trafiki. Ndani ya hifadhi ya Mikumi ni mwendo wa taratibu, na ukigonga mnyama unalipa. Pale mlima Kitonga malori yanapanda kwa gia ya chini, na anayekosa subira hupita kwenye kona asiyoiona mbele. Kwa gari dogo lililojaa, wastani wa kilomita 60 au 65 kwa saa ndio wa kweli. Hizo ni saa 16 za usukani mtupu. Ongeza kunyonyesha, nepi, binti kutapika, chakula, mafuta: ni saa 20. Mkitoka saa tisa usiku, Tukuyu mtaingia karibu na saa tano usiku wa pili. Kile kipande cha mwisho, chenye kona na mara nyingi ukungu, mtakipita gizani na dereva ambaye yuko macho tangu jana.

Na hilo la basi la Dar, si uongo. Ila basi la masafa marefu hutakiwa kuwa na madereva wawili, haliendi Segera kwanza, na halisimami kila mtoto akilia. Mwambie baba watoto achukue karatasi aandike vituo mwenyewe na saa pembeni. Usimwandikie wewe. Mtu akipiga hesabu yake mwenyewe ni nadra kuibishia.

Turudi kwenye lile linalokuuma. Unasema safari ni ya gari. Inawezekana una ukweli kidogo, na sioni kama ni dhambi. Kijana aliyeondoka kwao na begi akarudi na gari, mke na watoto watatu, akitaka wazee wamwone, mimi nisingemcheka. Lakini nimeisoma barua yako tena nikitafuta sehemu ulipomuuliza kuhusu baba yake, sikuiona. Mmebishana kilomita. Mzee ambaye miguu imekataa, mwanawe yuko pwani, mjukuu mwenye jina lake hajawahi kumshika: je, haraka hii haiwezi kuwa hofu ambayo mwanamume hajui kuitamka? Labda nakosea. Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Ila jibu la swali hilo linaweza kubadilisha sauti ya mabishano yote, kwa sababu mtu anayeogopa kuchelewa huwezi kumtuliza kwa kumwambia anajionyesha.

Vivyo hivyo naomba nikuulize na wewe. Usukani "hanipi", au hujauomba? Umelitaja kwa sentensi moja mwishoni ukapita. Leseni unayo na watoto unawabeba kila siku, kwa hiyo gari lenu lina madereva wawili, sawa na basi analolisifia. Sisemi ukajifunzie barabara kuu ukiwa na watoto nyuma na lori mbele. Lakini mwezi wa sita bado haujafika. Jumapili mbili tatu mnaweza kwenda mpaka Korogwe na kurudi, yeye pembeni, wewe ukiendesha, watoto wamebaki kwa bibi yao. Huenda akaona unaweza. Huenda na wewe ukagundua hupendi, na hilo nalo ni vizuri kulijua mapema.

Njia ziko kadhaa na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza inayonijia ni kulala njiani. Wengi husema Morogoro, lakini ukilala Morogoro siku ya pili bado una karibu kilomita 700, ambazo zinakurudisha kwenye tatizo lilelile. Ukilala Iringa unakuwa umekata zaidi ya nusu, ila siku ya kwanza inakuwa ndefu mno kwa mtoto wa miaka mitatu. Kulala mara mbili, Morogoro na Iringa au Mafinga, ndiko kunakowafaa watoto zaidi, na ndiko kunakoumiza mfuko: vyumba siku nne, kwenda na kurudi, na likizo ya mume inapungua. Faida yake ni kwamba Mikumi mtaipita mchana. Twiga na tembo huonekana kutoka barabarani bila kushuka garini, na hapo yule wa miaka mitatu atakaa kimya kwa mara ya kwanza. Kwenye nyumba za wageni piga simu kabla uulize kuhusu chandarua, au beba chako.

Kumwacha mdogo kwa mama yako si wazo la ovyo. Huyo mama anampenda, na gari litapata nafasi. Lakini ananyonya, na kumkata ghafla kwa wiki nzima au mbili kutawatesa nyote wawili, titi lako kabla ya mtoto. Tena ndiye anayesubiriwa. Ukifika bila yeye, utajibu swali hilo kila nyumba utakayoingia. Kama mnaweza, wewe na huyo mdogo mnaweza kupanda ndege Dar mkashuka Songwe, mume akaendesha na wakubwa wawili. Ni ghali, na tena anakuwa dereva peke yake na watoto wawili nyuma. TAZARA nayo inapita Mbeya kutokea Dar, watoto wananyoosha miguu, lakini ulizeni ratiba vizuri kabla ya kuitegemea. Basi kwa wote lina unafuu wa dereva, ila binti yako akitapika huwezi kumwambia dereva asimame, na mdogo atakuwa mapajani safari nzima, yaani tatizo la kupakata liko palepale.

Hili la dada yako la kusingizia homa, nimelielewa lilikotoka. Ni njia ya mtu aliyesema mara nyingi asisikike. Lifikirie tu litakavyokwenda: mume ataahirisha, baba mkwe atapiga simu kutwa kuuliza hali ya wajina wake, mama mkwe ataombea, na wewe utakuwa unapokea pole za homa usiyoiona. Safari nayo haitafutika, itasogea Desemba, na Desemba kule ni masika yao, barabara ina maji. Uamuzi ni wako, lakini utakuwa umenunua miezi michache kwa bei ambayo sijui kama unaitaka.

Kwenye dawa ya jirani tu ndipo nitakuwa mkali. Dawa nyingi za mafua za maji zina promethazine au chlorpheniramine, ile piritoni tuliyoizoea. Promethazine haipewi mtoto aliye chini ya miaka miwili kabisa, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi akiwa usingizini, na wewe uliye kiti cha mbele utadhani amelala vizuri. Asipewe. Wa miaka sita, kama kutapika ni kwingi, mpeleke kituo cha afya aandikiwe dawa ya safari kwa uzito wake. Mengine ni ya bure: asisafiri na chai ya maziwa na maandazi ya mafuta tumboni, ale kidogo kitu kikavu, asiangalie simu, aangalie mbele barabarani, dirisha lifunguliwe kidogo, na mifuko iwe mlangoni kwake. Na kutoka usiku ili watoto walale si wazo baya lote kwa upande wao. Ubaya wake ni kwamba dereva naye mwili wake unataka kulala saa hizo.

Gari lenyewe likaguliwe na fundi wenu wiki mbili kabla, isiwe siku ya kuondoka. Breki, maji ya rejeta, taa, mkanda wa injini. Kwenye matairi usikubali kuambiwa "yana meno". Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lililobeba mzigo kwenye lami ya moto hupasuka hata likiwa na meno. Tazama na la akiba, ndilo husahaulika. Pembetatu za tahadhari, kizima moto, jeki, yote yawepo. Yako wewe ni kadi za kliniki, kadi za bima kama mnazo, pakiti za ORS, maji ya kutosha, na masweta. Watoto wa Tanga hawaijui baridi ya Makambako mwezi wa sita, na masweta yakikaa chini kabisa ya buti hayatasaidia mtu.

Kuhusu tarehe, nani aliyeipanga? Nauliza kwa sababu kwenye barua yako sauti ya wakwe haisikiki kabisa, unawaogopa tu kwamba watakuonaje. Unaweza kumpigia mama mkwe mwenyewe, umsalimie, umwambie mnajiandaa na watoto ni wadogo, umuulize kama ataona vibaya mkichukua siku mbili au tatu njiani. Mwanamke aliyelea huenda akakujibu kitu ambacho mwanawe hajawahi kumuuliza. Mwambie mume kabla ya kupiga, ili isionekane umemzunguka. Na uchague wakati ambapo shemeji hayupo sebuleni.